Mzinga wa viunzi wa Tanzania kwenye miombo: mbao, miti na maji

Ukiwa na fedha za aina moja tu ya mzinga, nawe unafuga nyuki kwenye misitu ya miombo ya Tabora, Katavi, Kigoma au Rukwa, nunua mzinga wa viunzi wa Tanzania. Ni lile sanduku refu la mbao lenye pande zilizosimama wima, ambalo maofisa nyuki huliandika TTBH (Tanzania Top Bar Hive) na wafugaji wengi huliita boksi tu. Una kasoro zake, nazo zitatajwa hapa bila kufichwa. Hata hivyo, kwa nyuki wetu na kwa msitu wetu, ukipima gharama, kazi na mavuno kwa pamoja, hakuna mzinga wa kisasa unaoupita.

Jambo moja lieleweke kabla fedha hazijatoka mfukoni. Mzinga ni nyumba tupu. Hauleti maua, hauleti maji, hauleti kivuli, na hata nyuki wenyewe hauwaleti. Wanakuja kwa hiari yao kutoka msituni, na wakichukizwa wanahama. Seremala hawezi kukuuzia msitu. Kwa hiyo hapa sanduku linapimwa pamoja na mahali linapotundikwa, maana malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa mzinga asili yake ni mahali.

Sanduku lenyewe

Mzinga huu una sehemu chache: sanduku, viunzi vya juu (topubaa), mfuniko wa bati na tundu za kuingilia nyuki. Viunzi ni vipande vya mbao vinavyolala juu ya sanduku vikiwa vimebanana, kimoja baada ya kingine, bila nafasi kati yao. Chini ya kila kiunzi nyuki hujenga sega moja linaloning'inia. Kiunzi kina urefu wa sentimita 48 hivi, na mzinga wa kawaida hubeba viunzi 28. Upana wa kila kiunzi ndiyo habari yenyewe: milimita 32.

Hapo ndipo mizinga mingi inaharibikia, tena ikiwa bado karakana. Nyuki wa Afrika hujenga masega yake hivi kwamba kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 32. Nyuki wa Ulaya ni mkubwa kidogo, hujenga kwa milimita 35 na zaidi. Seremala akichukua kipimo kutoka kwenye video ya Ulaya au Marekani, au akikata kwa macho, nyuki hawatamfuata. Tuseme kiunzi kimezidi milimita 2. Kwenye kiunzi cha kwanza huoni tofauti. Kufika cha kumi, sega limeshasogea milimita 20 kutoka mahali pake, na nyuki wanajenga kwenye ungio la viunzi viwili, halafu mshazari, halafu sega moja linashika viunzi vitatu. Siku ya kurina utanyanyua kiunzi kimoja na viwili vitafuata, masega yatakatika, asali itamwagikia majana (mayai na watoto wa nyuki), na nyuki watakuja juu kwa hasira ambayo hakuna moshi wa kuituliza.

Kipimo cha dukani ni rahisi. Toa viunzi kumi, vibananishe juu ya meza iliyonyooka, pima kwa rula. Vikiwa milimita 320, nunua. Vikiwa 330, mwambie fundi arudishe kwenye randa. Vikiwa 310, usivichukue kabisa, kwa sababu kilichopungua hakiongezeki. Kwa viunzi 28 urefu wa ndani wa sanduku unatakiwa uzidi kidogo milimita 896, ili viunzi vyote viingie na kutoka bila kugongwa nyundo mbao zikivimba wakati wa masika.

Mbao ziwe nene, milimita 20 hadi 25, na ziwe zimekauka. Mbao mbichi hupinda ndani ya kiangazi kimoja, ikaacha nyufa zinazoingiza siafu na mwanga, na nyuki hupoteza wiki nzima wakiziba kwa gundi badala ya kutafuta chakula. Mninga unadumu sana, lakini kuangusha mninga ili utengeneze mzinga ni kula mbegu; paina kavu inatosha ikipakwa rangi nyepesi kwa nje na ikawekwa juu vizuri. Ndani usipake chochote. Mbao iliyotiwa dawa ya mchwa usiiguse, hata ukipewa bure.

Upande wa chini wa kila kiunzi uwe na mfereji au ukingo mwembamba katikati, wa kuwaelekeza nyuki pa kuanzia. Mfereji huo hujazwa nta. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji, usiliweke moja kwa moja kwenye moto: nta ikishika moto huwaka kama mafuta ya taa. Mimina mstari mwembamba, milimita 3 hivi, kutoka mwisho hadi mwisho. Ukipaka kiunzi kizima nyuki hawajui pa kuanzia, na umerudi kwenye masega ya mshazari.

Mfuniko wa bati ni mzuri kwa mvua na mbaya kwa jua. Bati likilala moja kwa moja juu ya viunzi, mchana wa Oktoba linakuwa kikaango. Dai fundi aache nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati ya bati na viunzi, au weka tabaka la nyasi kavu hapo kati. Nta hulainika joto likipita nyuzi 40, na sega lililojaa asali likilainika hudondoka kwa uzito wake.

Ukilinganisha na mingine

Mzinga wa gogo usidharauliwe. Gogo nene linatunza joto la kiota kuliko ubao wowote, nyuki wanaupenda, na ukiutundika juu mtini unajitegemea miaka mingi. Shida yake ni ukaguzi. Huwezi kuona kilichomo bila kukata, kwa hiyo mrinaji anatoa asali, chavua na majana kwa pamoja, na kundi linaanza upya au linahama. Pia asali yenye majana yaliyopondeka inachacha haraka na ina harufu.

Mzinga wa gome ni jambo jingine, na hapa hakuna lugha ya kupamba. Kuutengeneza, mtu hubandua gome zima la mti kuzunguka shina, mara nyingi mtundu (Brachystegia) au miti ya jamaa yake, urefu wa mita moja au zaidi. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia tabaka la ndani la gome. Tabaka hilo likikatwa duara kamili, mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Mti huo ndio uliokuwa ukitoa maua ya asali. Mzinga wa gome unadumu misimu michache tu, wakati mti ulioubandua ungetoa maua kwa miongo kadhaa. Mfugaji anayeacha mizinga ya gome na kuhamia mbao anaulinda mtaji wake mwenyewe.

Mzinga wa Kenya, KTBH, ni ndugu wa huu tunaoutathmini. Viunzi vyake ni vilevile vya milimita 32. Tofauti ni pande zake zilizoinama kuelekea chini. Mwinamo huo unapunguza tabia ya nyuki kuunganisha sega na ukuta. Kwa mkaguzi huo ni ubora wa kweli: kwenye sanduku la pande wima utalazimika kupitisha kisu kirefu ukutani kabla ya kunyanyua kiunzi, na ukisahau, sega linabaki ndani na mkononi unabaki na kijiti. Kwa upande mwingine, sanduku la wima ni rahisi kwa seremala wa kijijini, linapoteza mbao kidogo, na linabeba asali zaidi kwa urefu uleule. Penye fundi hodari, KTBH ni chaguo sawa kabisa. Penye fundi wa kawaida, chukua la wima.

Langstroth, mzinga wa fremu (viunzi vyenye pande nne) zilizopangwa ghorofa, unasifiwa mno kwenye semina. Msingi wake ni nafasi ya nyuki, ile ya milimita 6 hadi 9 ambayo Langstroth wa Marekani aliijenga ndani ya mzinga wake mwaka 1851. Ikipungua hapo nyuki wanaijaza gundi, ikizidi wanaijaza masega. Maana yake kila fremu inatakiwa kukatwa kwa usahihi ambao karakana nyingi za wilayani hazina mashine zake. Unahitaji pia karatasi za nta, kizuizi cha malkia na mashine ya kukamua. Faida ni kwamba masega hurudishwa matupu na nyuki wanajaza tena bila kujenga upya. Inakadiriwa kundi hutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo moja ya nta, kwa hiyo akiba hiyo si ndogo. Lakini nyuki wetu, Apis mellifera scutellata, anahama. Njaa, siafu, joto au usumbufu ukizidi, anaacha fremu zako zote na karatasi zako za nta kwa nondo. Tena ukifungua ghorofa ya Langstroth, fremu zote kumi zinakuwa wazi kwa mara moja, na maelfu ya nyuki wanaona mwanga. Kwenye mzinga wa viunzi unafungua mwanya wa kiunzi kimoja tu; wengine wote wako gizani na hawana habari. Kwa nyuki mkali, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utamaliza kazi au utakimbia.

Msitu ndio ghala

Miombo imetanda kutoka Tanzania hadi Angola na Msumbiji, eneo linalokadiriwa kilomita za mraba milioni 2.7. Udongo wake mwingi ni wa kichanga na mchovu. Miti yake mikuu inaishi hapo kwa ushirika na kuvu walioizunguka mizizi, wanaoisaidia kunyonya fosforasi na maji, na ndiyo sababu masika yakianza chini ya miti hiyohiyo kunaota uyoga unaouzwa kando ya barabara. Nyuki, uyoga na mti ni nyumba moja. Ukikata mti, uyoga wa mti huo unakwenda nao.

Kwa mfugaji kalenda ya msitu ndiyo kalenda ya mzinga. Mitundu na jamaa zake huchipua majani mapya, yale mekundu yanayopendeza, kabla mvua haijanyesha, na maua yake hutoka kati ya Septemba na Novemba. Julbernardia globiflora, mti mwingine mkubwa wa miombo, huchanua kuelekea mwisho wa masika. Hivyo kuna misimu miwili ya mbochi, yaani maji matamu ya maua, na mizinga mipya inatakiwa iwe imetundikwa ifikapo Agosti, kabla makundi hayajaanza kugawanyika na kutafuta makazi. Ukitundika Desemba umechelewa kwa maua, na mvua ikiwa kubwa nyuki hawatoki.

Nyuki hutafuta chakula kwa kawaida ndani ya kilomita 3 kutoka mzingani. Duara la kilomita 3 ni kilomita za mraba 28, yaani hekta 2,800 hivi. Simama mahali unapotaka kuweka manzuki (eneo la mizinga), ujiulize nini kimo ndani ya duara hilo: msitu uliosimama, au mashamba ya tumbaku na matanuri ya mkaa? Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na kuni hizo zinatoka kwenye miti hii hii. Nusu ya duara ikiwa imefyekwa, mizinga hamsini itagawana chakula cha ishirini na tano, na yote itakuwa myepesi. Anza na mitano hadi kumi, uone uzito baada ya msimu mmoja, ndipo uongeze.

Kuna jambo husahaulika hata na wenye uzoefu. Nyuki wanaoingia kwenye mzinga wako wanatoka kwenye miti mikubwa yenye mapango. Miti hiyo huonekana haina thamani kwa mpasua mbao kwa sababu imeoza ndani, kwa hiyo huwa ya kwanza kugeuzwa mkaa. Kila mti wa namna hiyo ni wodi ya wazazi kwa makundi ya miaka ijayo. Ukiwa na sauti katika kamati ya maliasili ya kijiji, itumie kuutetea.

Moto nao. Moto wa Septemba na Oktoba, majani yakiwa makavu kabisa, unaunguza machipukizi na maua hadi juu. Fyeka njia ya moto ya mita 3 hadi 5 kuzunguka manzuki mwezi Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na umajimaji, na uirudie kabla ya Agosti kwisha. Baadhi ya moto wa msituni huwashwa na warina asali wanaotumia vienge na kuviacha chini. Bomba la moshi linagharimu kidogo kuliko msitu.

Maji

Hapa ndipo manzuki nyingi zinapokufa kimyakimya. Majana yanatakiwa kukaa kwenye nyuzi 34 hadi 35. Joto likipanda, nyuki vibarua huleta matone ya maji, huyapaka kwenye masega na kupiga mbawa mpaka yavukize. Kundi kubwa siku ya joto kali linaweza kutumia karibu lita moja. Mizinga ishirini ni ndoo nzima ya lita 20 kwa siku moja ya Oktoba. Kama kijito kilicho karibu kinakauka Julai, hesabu hiyo inakuangukia wewe.

Maji yawe ndani ya mita 500. Tumia beseni la kina kifupi au tairi kuukuu lililopasuliwa, ujaze mawe na vijiti hadi vitokeze juu, kwa sababu nyuki hunywa akiwa amesimama na akianguka kwenye maji wazi hufa. Osha beseni kila wiki. Mbu hawachelewi kutaga. Na anza kuweka maji kabla nyuki hawajafika. Kundi likishazoea bomba la kijiji au kisima cha shule, ni kazi ngumu mno kulibadilisha njia, na watu wakianza kuumwa, wa kulaumiwa ni wewe.

Kutundika

Chagua kivuli cha kati, jua la asubuhi lifike, la mchana likingwe. Kaa angalau mita 300 kutoka nyumba, shule, njia ya mifugo na barabara. Mzinga utundikwe kwa waya kati ya miti miwili au nguzo mbili, tumbo la mzinga likiwa mita moja hadi moja na nusu kutoka ardhini: chini ya hapo nyegere anafika kirahisi, juu ya hapo unarina ukiwa umesimama kwenye ngazi, jambo la hatari usiku. Mzinga unaoning'inia na kuyumba humsumbua nyegere kwa sababu hapati pa kujishikia akachimba. Mzinga uliowekwa juu ya stuli ni zawadi kwake.

Paka grisi kwenye waya, urefu wa kiganja, kuzuia siafu. Vumbi linaifunika grisi, kwa hiyo iangalie kila mwezi, na kata kila unyasi au tawi linalogusa mzinga. Unyasi mmoja ni daraja. Siafu wakishaingia usiku mmoja, asubuhi unakuta sanduku kimya.

Tundu za kuingilia ziwe na upana wa milimita 8 hadi 10, zielekee mbali na upepo mkali wa mvua. Sugua ndani ya mzinga kwa nta, masega makuukuu au majani mabichi ya mchaichai. Harufu ya mchaichai inakaribiana na ile ambayo nyuki hutoa kuitana. Usimwage sukari wala asali: utaita sisimizi kabla ya nyuki. Mzinga ukikaa miezi mitatu ya msimu wa kugawanyika bila kundi, hamisha mita mia chache kuelekea maji. Mara nyingi inatosha.

Kama eneo ni msitu wa hifadhi, upate kwanza kibali, na ujiandikishe kwa ofisa nyuki wa wilaya. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 inahitaji hivyo, na misitu ya serikali kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Kurina

Nenda watu wawili, baada ya saa kumi na moja jioni. Moshi uwe mweupe na wa baridi: magunzi makavu, majani makavu au samadi kavu ya ng'ombe. Mpira, plastiki na matambara yenye mafuta yanaacha harufu ndani ya asali isiyotoka tena. Puliza mara tatu nne tunduni, subiri dakika mbili.

Kabla ya kufungua, gonga viunzi kwa kifundo cha kidole, ukianzia mwisho ulio mbali na mlango. Kiunzi kitupu kinalia kama ngoma. Chenye sega kinatoa mlio mzito, uliozibwa. Fungua penye mlio mtupu, vuta hivyo vitupu, halafu uende taratibu kwenye vizito. Pitisha kisu ukutani, nyanyua kiunzi wima, usikilaze ubavu hata kidogo, maana sega jipya halina uzi wala waya wa kulishika.

Chukua sega ambalo angalau robo tatu yake imefunikwa kwa nta nyeupe. Sega wazi lina maji mengi. Ukifika kwenye sega lenye majana au chavua nyingi, simama. Hapo ndipo nyumba inapoanza. Acha viunzi vinane hadi kumi, vikiwemo viwili vya asali safi, hasa mavuno ya Juni, kwa sababu kutoka hapo hadi maua ya Septemba msituni hakuna kitu cha maana. Anayekwangua mzinga wote Juni anarudi Agosti kukuta umehamwa, kisha anasema boksi halifai. Kata sega ukiacha sentimita moja chini ya kiunzi, liwe dira ya kujengea upya.

Asali iwe na unyevu chini ya asilimia 20. Refraktomita ndogo ya mkononi inapima kwa tone moja, na kikundi cha watu kumi wakichangia kuinunua haiumizi mtu. Ikizidi asilimia 20, hamira za asili zinaamka na ndoo inavimba. Tumia ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko. Asali ina tindikali, inakula bati na chuma. Ndoo ya lita 20 ikijaa hubeba kilo 28 hivi, hivyo anayekupimia kwa ndoo na kukulipa kwa kilo 20 anachukua kilo 8 bure. Usichemshe asali ili ichujike haraka. Ponda masega, weka kwenye kitambaa safi mahali penye joto la chumba, iache ijitiririkie usiku kucha. Na mnunuzi akirudisha asali kwa sababu imeganda, mweleze kwa upole kwamba kuganda ni tabia ya asali halisi. Ya alizeti kutoka Singida na Dodoma huganda mapema kuliko ya miombo.

Nta ni faida ya pili ya mzinga huu, kwa kuwa masega yote hukatwa. Kadiria kilo moja ya nta kwa kila kilo 10 za asali. Chemsha machicha ya masega kwenye maji ya mvua ndani ya sufuria ya aluminiamu, mimina kwenye mfuko wa kiroba, kamua kwa mbao mbili, acha ipoe polepole. Sufuria ya chuma inaiharibu nta rangi na bei inashuka.

Magonjwa na dawa

Usinunue dawa yoyote ya kupe wa Varroa. Wapo Afrika Mashariki, na makundi yetu kwa kawaida yanawamudu. Nondo wa nta na mende wadogo wa mizinga huvamia makundi dhaifu; ukiona utando kama wa buibui kwenye masega, tatizo lilianza zamani, kwa njaa au kwa ukosefu wa malkia. Toa masega hayo, yayeyushe siku hiyohiyo, kwangua sanduku na ulibabue ndani kwa moto mwepesi kabla ya kulitundika tena.

Sumu ya mashambani ni hatari kubwa kuliko wadudu wote hawa. Zungumza na majirani wa pamba na tumbaku wapulizie jioni, nyuki wakiwa wamerudi, na wasipulizie kabisa zao likiwa kwenye maua. Wenye alizeti na maboga wanakuelewa haraka ukiwaeleza kwamba nyuki haohao ndio wanaojaza punje zao.

Nani asinunue

Aliye mahali ambapo msitu umeshaisha ndani ya kilomita 3 na hana shamba kubwa la alizeti, mikorosho au miembe. Anayetaka kubeba mizinga kwa lori kufuata maua, kwa sababu masega yasiyo na fremu hayavumilii barabara yenye makorongo. Huyo aende Langstroth na alipe gharama zake. Na asiyeweza kufika manzuki mara moja kwa mwezi kati ya Agosti na Desemba, kupaka grisi na kujaza beseni. Huyo anunue magogo mawili ya zamani, ayatundike juu kabisa, na asiyaguse mpaka Juni.

Wengine wote: agiza viunzi kumi vya majaribio kwanza, nenda na rula yako, na fundi akishapata milimita 320 mara mbili mfululizo, mpe kazi ya masanduku.